Siri ya Kijito cha Cottingley

WAHENGA walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Wakasema tena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Leo, msomaji mpenzi, nataka kukusimulia kisa kilichoitimiza barabara methali ya kwanza, na hiyo ya pili kikaitia mashakani, maana njia ya uongo huu ilikwenda miaka 66 kabla ya kufika ukingoni. Na walioipita njia hiyo hawakuwa matapeli wala wezi. Walikuwa wasichana wawili, mmoja akikaribia miaka 16 na mwenzake wa miaka tisa, waliokuwa wakicheza kando ya maji siku za joto.

Kisa chenyewe kilitokea mbali na pwani yetu. Kilitokea Uingereza, katika kijiji cha Cottingley karibu na mji wa Bradford, kiangazi cha mwaka 1917. Lakini kila nikikisoma huona kina la kutuambia sisi tuliolelewa katika mitaa ya Mombasa, Lamu na Malindi, hasa sisi wanawake. Hutuambia juu ya mambo matatu: usuhuba wa wasichana, mambo ya ghaibu, na mahali pa kuiweka siri.

MTOTO KUTOKA AFRIKA

Frances Griffiths alikuwa mtoto wa miaka tisa alipofika Cottingley na mamake mwaka huo wa 1917. Walikuwa wametoka Cape Town, Afrika Kusini. Babake alikuwa askari, naye alikwenda kupigana Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza, vita vile vile vilivyowazoa wapagazi wetu wa Kariakoo na kuwaua kwa maelfu huku Afrika ya Mashariki. Mama na mtoto wakapokelewa nyumbani kwa Polly Wright, ndugu wa yule mama, na mumewe Arthur Wright, fundi wa umeme.

Nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Elsie. Huko kwao Elsie na Frances huhesabiwa kuwa ni jamaa tu. Kwetu tungesema ni dada na mdogo wake, maana watoto wa mama mkubwa na mama mdogo hawatafutiwi jina jingine. Elsie alikuwa ameacha shule akiwa na miaka 13. Masomo hayakumkaa, lakini mkono wake ulikuwa na kipaji. Alipata kusomea uchoraji huko Bradford, na akafanya kazi kidogo kwa mpiga picha. Frances naye alikuwa mgeni kijijini, baba yuko vitani, na baridi ya Yorkshire hajaizoea. Ijapokuwa Elsie alimpita kwa miaka sita, wawili hao wakawa chanda na pete.

Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na kijito kilichoteremka baina ya miti na mawe. Frances akawa hakosekani huko. Kila mara alirudi viatu vimeroa na nguo zimechafuka, na kila mara alikaripiwa. Alipobanwa aseme ni kitu gani hasa anachokifuata kijitoni, akajibu kwamba huenda kutazama vijini.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Waingereza katika ngano zao wana viumbe vidogo vya mwituni, vizuri wa sura, virefu kiasi cha shubiri au pungufu, vyenye mbawa kama za kipepeo. Si majini tunaowajua sisi katika dini yetu, wala si vibwengo vyetu vya baharini, ambavyo havisifiki kwa wema. Kwa kuwa hatuna jina lake hasa, katika makala haya nitaviita vijini, na msomaji ajue kwamba ni vya hadithi za watoto.

Wakubwa walipoisikia habari hiyo walicheka, wakamfanyia mzaha yule mtoto. Lakini Elsie hakucheka. Alisimama upande wa mdogo wake. Na kwa kuwa neno la watoto wawili halikutosha kuwanyamazisha watu wazima, wakaazimia kuleta ushahidi.

KAMERA YA MZEE WRIGHT

Siku moja ya mwezi wa Julai Elsie akamwomba babake ampe kamera. Siku zile kamera za namna hiyo hazikuwa na filamu ya kuzungusha. Picha ilipigwa juu ya kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Mzee Wright alipenda sana kupiga picha na alikuwa na chumba chake cha giza cha kuzisafishia. Wasichana wakatoka na kamera, na haukupita muda mrefu wakarudi wamechangamka.

Picha iliposafishwa, alionekana Frances amekaa nyuma ya kichaka kidogo, kidevu mkononi, maua kichwani. Na mbele yake, juu ya majani, vilionekana vijini vinne vikicheza. Vitatu vilikuwa na mbawa, na kimoja kilikuwa kikipuliza zumari. Mwezi wa Septemba ikapigwa picha ya pili. Hiyo ilimwonyesha Elsie amekaa juu ya nyasi, amekinyoshea mkono kijitu cha kiume kilichokuwa na urefu wa futi moja hivi, nacho pia kina mbawa.

Mzee Wright hakuamini hata chembe. Alikijua kipaji cha bintiye cha kuchora, akashika kwamba ni karatasi zilizokatwa. Wazazi wakatafuta vipande vya karatasi ndani ya nyumba, wasipate kitu. Mzee akakataa kuwapa tena kamera. Bi Polly yeye moyo wake uliingia shaka, akawa yu karibu na kuamini.

Mwaka uliofuata, 1918, Frances alimwandikia barua rafiki yake aliyemwacha Cape Town. Akamsimulia habari za baba na za vita, kisha akamtilia picha ndani ya bahasha. Nyuma ya picha akaandika kwa mzaha kwamba ni ajabu hakupata kuviona vijini hivyo alipokuwa Afrika. Huenda huko jua ni kali mno kwao. Nasi tunaoungua na jua la kaskazi hapa Mombasa hatuwezi kumkosoa.

Basi hayo yote yangeishia hapo, picha mbili ndani ya saraka, wasichana wakakua wakaolewa, na siku moja wakawachekesha wajukuu zao. Hayakuishia hapo kwa sababu wakubwa waliingia.

AJABU YATOKA NYUMBANI

Mwaka 1919 Bi Polly alikwenda Bradford kwenye mkutano wa Chama cha Theosofia, jumuiya ya watu waliojishughulisha na mambo ya roho na elimu za siri. Siku hiyo mazungumzo yalihusu vijini. Bi Polly akasema kwamba wasichana wa nyumbani kwake wamevipiga picha. Neno likitoka limetoka. Picha zikaombwa, zikaonyeshwa katika mkutano mkuu wa chama, na mwisho zikafika London mikononi mwa mmoja wa wakuu wake, Edward Gardner.

Gardner akazipeleka kwa bingwa wa picha aitwaye Harold Snelling. Huyo akasema kwamba picha ni za kweli na hazikuchezewa. Lakini sikiliza ajabu, msomaji. Picha za asili hazikuwa safi sana, na Gardner alimtaka Snelling huyo huyo atengeneze nakala zilizo wazi zaidi. Nakala hizo ndizo zilizozunguka dunia. Hivyo shahidi aliyeapa kwamba picha haikuguswa, mwenyewe aliitia mkono. Kampuni ya Kodak ilipoulizwa, ilikataa kutoa hati ya kuthibitisha. Kampuni ya Ilford ikasema wazi kwamba inaona dalili za ujanja. Lakini aliyekwisha kuamini humsikiliza shahidi amtakaye.

Habari zikamfikia Sir Arthur Conan Doyle. Wasomaji wengi wanamjua kwa hadithi zake za Sherlock Holmes, yule mpelelezi ambaye hapana hila isiyofichuka mbele yake. Conan Doyle alikuwa daktari na mtu mwenye jina kubwa. Tena alikuwa mfiwa. Mwanawe Kingsley alijeruhiwa vitani mwaka 1916, akafa kwa homa ya mapafu mwaka 1918. Miezi michache baadaye, mwaka 1919, akafiwa na nduguye. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuifuata imani ya wale wanaodai kusema na roho za wafu, na misiba hiyo haikumrudisha nyuma. Gazeti la The Strand lilikuwa limemwomba makala juu ya vijini kwa ajili ya toleo la Krismasi. Alipozisikia picha za Cottingley, alizipokea kama mtu wa kiu anavyopokea kata ya maji.

Siwezi kumcheka mzee huyu. Uingereza ya mwaka 1920 ilikuwa nchi ya wafiwa. Hapakuwa na mtaa usio na mama aliyempoteza mwanawe. Mtu aliyefikwa na hayo akiambiwa kwamba pembeni ya kijito fulani pazia la ghaibu limefunuka kidogo, na walioona ni watoto wasiojua hila, atataka sana iwe kweli.

KIANGAZI CHA PILI

Gardner alikwenda Cottingley mwezi wa Julai 1920. Akawakuta watu wa kawaida wasio na tamaa. Mzee Wright alitoa ruhusa picha zitumiwe, akakataa kulipwa hata senti moja. Akasema kama picha ni za kweli, hazifai kutiwa najisi ya fedha. Elsie alikumbuka baadaye jinsi babake alivyostaajabu kuona mtu mwenye akili kama Conan Doyle ametiwa gizani na bintiye, ambaye darasani alikuwa nyuma ya wote.

Gardner akaleta kamera mbili na vioo 24 vilivyotiwa alama ya siri ili visibadilishwe. Frances, ambaye sasa alikuwa akikaa mji wa Scarborough na wazazi wake, akaitwa likizo ya shule ya mwezi wa Agosti. Elsie alikuwa na miaka 19, Frances anakaribia 13. Mvua ikanyesha karibu wiki mbili, hapana kutoka. Kulipokucha, wasichana wakasema kwamba vijini havitokei mbele ya watu wengine. Bi Polly akaondoka akaenda zake kwa nduguye kunywa chai. Aliporudi picha zilikuwa zimepigwa. Kwa jumla zikapatikana tatu nyingine, zikawa tano.

Fikiri, msomaji, hali ya wasichana hawa siku hiyo. Mwaka 1917 walikuwa wakicheza. Mwaka 1920 mabwana wakubwa wa London wameshika kalamu, wanangoja. Wakisema kweli, wamewaaibisha watu wazima. Wakinyamaza, uongo wakua. Na kamera ziko mikononi mwao. Walichagua kunyamaza, na wakachagua pamoja.

Toleo la The Strand la Desemba 1920 lilinunuliwa likamalizika kwa siku chache. Majina yao yalibadilishwa ili wasijulikane, lakini magazeti hayana subira, na haukupita muda wakagunduliwa. Mwaka 1921 makala ya pili yakatoka, na mwaka 1922 Conan Doyle akatoa kitabu kizima juu ya habari hiyo. Watu wengine waliamini, wengine wakafanya dhihaka. Waliokuwa na macho waliuliza mbona vijini hivyo vimesuka nywele kwa mtindo wa mabibi wa Paris. Wakauliza tena mbona maporomoko ya maji nyuma ya Frances yametoka kama ukungu kwa sababu ya mwendo wake, ilhali mbawa za vijini vinavyocheza zimetulia tuli.

Kiangazi cha 1921 akaletwa bwana mmoja, Geoffrey Hodson, aliyedai kuwa na uwezo wa kuona yasiyoonekana. Akaketi kijitoni pamoja na wasichana. Picha hazikupatikana. Lakini yule bwana akawa aviona vijini kila pembe, anaandika daftari lake, nao wasichana wanaitikia tu. Baadaye walisema kwamba walikuwa wamechoka na jambo lenyewe, na kwamba waliitikia kwa utani. Hapo mambo yalikuwa yamepinduka kabisa. Watoto hawaoni kitu, na mtu mzima ndiye anayeona.

PINI ZA KOFIA

Miaka ikapita. Elsie akahamia Marekani, akaolewa, akaishi India miaka mingi kabla ya kurudi Uingereza. Frances naye akaolewa na askari. Conan Doyle alifariki mwaka 1930, Gardner mwaka 1969. Kila baada ya muda mwandishi wa habari alibisha mlangoni. Mwaka 1966, kisha 1971, kisha 1976, waliulizwa, wakajibu kwa maneno yasiyoshikika. Elsie aliwahi kusema kwamba huenda picha hizo ni za mawazo yao. Hakusema uongo, wala hakusema kweli.

Mwisho mwaka 1983, Elsie akiwa na miaka 81 na Frances 75, siri ikafunuka magazetini. Elsie alivichora vijini hivyo kwa kuiga sanamu za wasichana wanaocheza zilizokuwa katika kitabu cha watoto cha miaka ile, kiitwacho Princess Mary's Gift Book. Akaongeza mbawa. Wakavikata kutoka karatasi ngumu, wakavisimamisha juu ya majani kwa pini ndefu ambazo wanawake wa Kizungu walitumia kushikizia kofia. Picha ilipokwisha kupigwa, karatasi zikatupwa kijitoni zikachukuliwa na maji. Ndiyo maana wazazi hawakupata hata kipande.

Katika kitabu hicho hicho cha watoto mlikuwa na hadithi iliyoandikwa na Conan Doyle mwenyewe. Angelifunua kitabu chake, angekutana na vijini vile kabla ya mbawa. Tena katika picha ya pili ncha ya pini ilionekana katikati ya tumbo la kile kijitu. Bwana yule aliitazama, akaona ni kitovu, akafikiri labda viumbe hao huzaana kama sisi.

Kwa nini walinyamaza muda wote huo? Elsie alieleza kwamba waliona haya. Watoto wawili wa kijijini wamemdanganya mtu mkubwa kama Conan Doyle. Wangefanya nini ila kufunga midomo? Hawakutaka kumfanya mzee yule achekwe, naye amekwisha kuliweka jina lake mbele ya watu. Frances kwa upande wake alisema kwamba hakupata kuliona jambo lile kuwa ni utapeli. Lilikuwa mchezo wa yeye na Elsie, na hata uzeeni hakuelewa vipi watu waliamini, isipokuwa walitaka kuamini. Alisema pia kwamba alizichukia picha hizo. Mchezo wa mchana mmoja ulimwandama maisha yake yote.

Kuna jambo moja ambalo mabibi hao hawakukubaliana mpaka kufa kwao. Elsie alisema picha zote tano ni za karatasi. Frances alisema nne ni za karatasi, lakini ya tano, ile iliyoonyesha vijini ndani ya manyasi kama ukungu, ni ya kweli. Na zaidi ya hayo alishikilia kwamba vijini vyenyewe aliviona kijitoni alipokuwa mtoto, picha au hapana picha. Frances alifariki mwaka 1986, Elsie mwaka 1988. Kamera zao zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Bradford, na watu huenda kuzitazama.

NANI ALIKUWA SOMO WAO?

Sasa nirudi kwetu. Sisi Waislamu wa pwani hatushangazwi na habari ya viumbe visivyoonekana. Kuna sura nzima ya Kurani iitwayo Sura ya Majini. Mtoto wa kwetu hujua tangu mdogo kwamba Mwenyezi Mungu ameumba anavyovijua Yeye. Tofauti yetu na wale mabwana wa London si kuamini ghaibu. Tofauti ni kwamba sisi hatuiletei ghaibu kamera ili tupate hati ya kuthibitisha. Lililositirika limesitirika kwa hekima yake.

Mimi nilikulia Mji wa Kale, Mombasa, na katika ua wa jirani palikuwa na kisima chini ya mkungu mkubwa. Likizo ya mwezi wa Desemba, kaskazi ikivuma, mimi na shoga yangu tulikuwa hatubanduki hapo, ingawa tulikatazwa kupita jua la saa sita. Tukamwambia nyanya kwamba kisimani kuna mtu anayeita majina yetu. Nyanya alikuwa akisuka ukili. Hakucheka, wala hakutuita waongo, wala hakwenda kuwaambia majirani. Alituuliza sauti ni ya mwanamke au ya mwanamume, na ilitoka upande gani. Kisha akatuambia tusome Kul-audhu mbili, tusiende tena mchana mkuu, na tumsaidie kuloweka miyaa. Mambo yakaisha. Tulichokisikia, au tulichodai kukisikia, mpaka leo kinajulikana na watu wawili tu, na mmoja wao hataki kukiandika hapa gazetini.

Nikiisoma habari ya Elsie na Frances humkumbuka nyanya huyo. Nyumba ya Cottingley haikuwa na watu wabaya. Mzee Wright alikuwa mwaminifu, Bi Polly alikuwa mama mwema. Lakini mtoto alipoleta neno lake, alikutana na milango miwili tu. Mmoja ulikuwa wa wanaocheka, wa pili wa wanaobeba neno na kulitangaza. Alikosa mlango wa tatu, wa mtu mzima anayesikiliza na kusitiri.

Desturi yetu iliujua mlango huo na ikaupa jina. Msichana akikua alipewa somo, mwanamke mtu mzima asiye mamake, wa kumfunza mambo ya utu uzima na wa kumwambia yale ambayo mama hawezi kuambiwa. Somo alikuwa sanduku la siri za mwari. Aliweza kumkanya bila ya kumfedhehesha, na aliweza kulimaliza jambo likiwa bado dogo. Laiti Elsie angekuwa na somo mwezi ule wa Julai 1917, angemwambia: 'Nimekata karatasi kumtetea mdogo wangu.' Naye somo angecheka kidogo, angesema, 'Basi, mwanangu, yatosha. Kesho mwambie baba.' Na jambo lisingefika London.

Siku hizi wasomo wamepungua mijini, hata wengine huwaona ni wa mambo ya harusi tu. Lakini haja ya kuwa nao imezidi. Elsie alihitaji rangi, makasi, pini na kipaji. Msichana wa leo ana simu, na kwa dakika moja hujitia mbawa, huzitoa, huweka uso wake mahali asipokuwapo, au huwekewa na mwingine. Picha ya Elsie ilichukua miaka mitatu kutoka saraka ya nyumbani hadi gazetini. Ya leo huzunguka Mombasa, Unguja na Maskati kabla ya adhana ya magharibi, wala hapana kijito cha kuitupa ikapotea. Wapo wasichana wetu wanaobeba siri ya picha kama hiyo peke yao, bila hata ya mwenzi kama Frances wa kuibeba naye.

Ndiyo maana nasema lililo bora kabisa katika kisa hiki si vijini, bali ni usuhuba wa wawili wale. Elsie alianza kwa kumtetea mdogo wake aliyekaripiwa. Frances, ambaye hakuchora wala hakukata mengi, hakumtupia lawama dada yake wakati wote ule, ijapokuwa alizichukia picha. Walitofautiana juu ya picha ya tano, lakini hapana aliyemtoa mwenzake peke yake mbele za watu kwa kipindi cha miaka sitini na zaidi. Usuhuba wa namna hiyo ni neema. Walakini hata neema ikibebeshwa mzigo usio wake huelemewa, na mzigo ule ulikuwa wa wakubwa.

Kwa hiyo nawaomba akina mama, shangazi na nyanya wanaousoma ukurasa huu. Msichana akikujia na habari yake ya ajabu, iwe ya kisimani au ya simuni, usiwe na haraka ya kucheka, wala usiwe na haraka ya kuipeleka kwa jirani. Mwulize aliona nini, na alikuwa na nani. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.